Ziwa la Pasua

Boti imeletwa uani kwangu juu ya trela
ya magurudumu mawili, moja limeishiwa pumzi.
Watoto wa Pasua wameshaipanda,
wameshavua samaki kwenye vumbi na kugombania mgawo.
Mama Ndealilia wa genge anauliza:
"Fundi, Nuhu amekupigia simu?"

Mimi nashona viti vya pikipiki,
mahema ya wapanda mlima, na mara moja
pazia la ukumbi wa kwaya.
Boti sijawahi.
Hata maji yanayonipita magoti siyajui.

Mwenyewe, Senzota, wa Lang'ata kule bwawani,
alitaka la plastiki, lile la bluu la kufunikia mahindi.
Nikamwambia: lile hulia usiku kucha kwa upepo,
na ikifika Krismasi limekuwa nyuzi.
Tukavutana bei mpaka chai ikapoa.
Akakubali turubai la pamba, la kijani, zito,
lenye harufu ya nta na ghala.

Nikapima. Au nilidhani nimepima.
Boti haina pembe, jamani.
Kitanda kina pembe, gari lina pembe,
hata mtu ana mabega ya kuanzia;
hiki ni kiuno tupu, mbele hadi nyuma,
kinakupokonya chaki.
Nikaivika magunia ya nailoni, nikayabana kwa vibanio vya nguo,
nikauchora mwili wake kwa adabu,
kama bibi harusi anayeficha miezi minne.

Siku tatu cherehani haikupoa.
Sindano namba ishirini na moja: tatu zimevunjika.
Upindo mara mbili. Pete za shaba arobaini na nne,
Kilawe akizigonga juu ya gogo, akihesabu kwa sauti, akikosea.
Na mfuko wa injini, mrefu kama kofia ya askofu.

Ijumaa jioni nikaivalisha.
Ikakaa.
Nikaizunguka nikipapasa mshono,
nikitafuta mkunjo nisiuone,
nikaenda kulala kama mtu aliyekwisha lipwa.

Usiku vuli ikashuka.

Asubuhi, katikati ya turubai langu lisilo na mkunjo,
kulikuwa na ziwa.
Ndoo sita, labda saba,
zimelivuta chini kama tumbo la ng'ombe.
Shomoro wawili wanaoga ukingoni.
Na mlima, ule ambao watu huja kwa ndege kuulipia,
umelala kichwa chini ndani ya kosa langu.

Nilisimama na mswaki mdomoni.
Miaka arobaini na sita sijaenda ziwani,
ziwa likanifuata, tena nimelishona mwenyewe.
Kilawe akashika ukingo alimwage.
Nikasema, ngoja kidogo.

Halafu tukalimwaga.
Nikakata nguzo ya mgrevilea, kimo cha mtoto wa chekechea,
nikaivika kitambaa kichwani isije ikatoboa,
nikaisimamisha ndani, katikati.
Turubai likapata mgongo.
Ndoo ya majaribio ikateremka pande zote mbili
na kutulowesha miguu.

Senzota alikuja Jumatatu, pesa pungufu ya elfu ishirini,
akavuta kamba, akasema, "Imekaza."
Habari za ziwa sikumpa.
Boti ikaondoka imejifunika gubigubi,
ikapita mashine ya kusaga, ikakata kona.

Sitaiona ikikimbia.
Ikikimbia, kazi yangu itakuwa imekunjwa chini ya kiti,
ina unyevu, imekanyagwa.
Nimeishonea saa ambazo haina kazi:
usiku, Jumapili, miezi ya bwawa kufungwa.
Sawa. Hata usingizi una vipimo vyake.

Uani pamebaki michirizi miwili,
wa tairi bovu mpana kuliko mwenzake.
Kesho yake shomoro wale walirudi,
wakazunguka hewani pale ziwa lilipokuwa,
wakaenda zao kwa Mama Ndealilia, kwenye nyanya.