Kuliuliza Sanduku

Odiwuor wa Kariobangi alilijenga
kwa ganda la friji kuukuu na vumbi la mbao,
akahamia Homa Bay bila kuacha mchoro.
Simu yake haipatikani.
Basi naliuliza lenyewe.

Hita iko asilimia ishirini, joto limetulia,
nyuzi ishirini na tisa, halitikisiki.
Napandisha ghafla hadi hamsini,
nashika saa na daftari la miraba.
Sekunde arubaini: kimya.
Mgeni angesema halikusikia.
Limesikia. Ndivyo lilivyo, huwaza kwanza,
kama karani aliyepewa fomu saa saba kasorobo.

Kisha linapanda.
Jirani anakwangua geti kwa grinda, stima inapepesa,
naomba isikatike kabla mstari haujatimia.
Tangu ukimya ulipovunjika, dakika tisa:
thelathini na sita nukta sita.
Baadaye mkunjo unainama, unachoka,
unalala kwenye arubaini na moja.

Nimepata hayo tu. Ukimya wake,
uzito wake wa dakika tisa,
na ukarimu: kwa kila asilimia ya umeme
hurudisha nyuzi sifuri nukta nne.

Kavata, mwenye mayai, anachungulia.
"Hii ndiyo mashine?"
"Hii ni tabia yake."
"Tabia unaijua kwa saa moja?"
"Ya sanduku, ndiyo."

Jana pupa ilinitia aibu.
Niliamuru hita izibe kila pengo papo hapo;
joto likapita, likarudi, likapita tena,
bembea usiku kucha,
kwa kuwa nilikuwa nasahihisha
habari za sekunde arubaini zilizopita.
Leo napunguza mkono. Nasahihisha kidogo, nangoja
kwa kadiri linavyongoja lenyewe.
Saa mbili usiku: thelathini na saba na nusu.
Tunapanga mayai mia moja na ishirini.

Siku ya kumi na tano Kavata ananipigia.
"Hita karibu haiwaki, na joto halishuki.
Imeharibika?"

Napekua daftari. Hesabu ni zilezile,
za sanduku tupu.
Nakaa kitako juu ya kreti.
Kumbe ni wao, gizani, ndani ya maganda,
wameanza kupasha wenyewe.

Nachukua saa, nachukua kalamu.
Itabidi niulize upya,
asilimia mbili mbili, taratibu,
maana sasa kuna watu ndani.