Marejesho

Faki wa gesi alinikuta barazani, Jadida,
napepeta mchele; mtungi mwekundu nyuma ya mlango
umenyamaza kama mgeni aliyemaliza hadithi zake.
"Hama, Bi Raya. Lete huo, nikupe wa kijani.
Ujaze mara tatu, miezi mitatu, usichepuke,
na elfu kumi na tano zinarudi kwenye simu."

Miezi mitatu! Nikacheka hata chuya zikaruka.
Hayo si marejesho, mwanangu. Hiyo ni eda.

Nikapiga hesabu, maana polo la makaa limepanda tena,
na tukuza ukiitilia jiko, yuniti zinayeyuka
kama halua mdomoni mwa mtoto.
Seredani ya marehemu mama ina ufa
unaotema cheche mkekani.
Elfu kumi na tano: viatu vya skuli vya Mkasi,
na chenji ya tungule.
Fomu akaijaza mwenyewe Faki
mie nikitafuta miwani chini ya mito.

Basi nikauacha mwekundu. Talaka moja,
mashahidi Faki, paka,
na Bimkubwa wa nyumba ya pili, dirishani kwake.
Mtungi haukulia. Ulikuwa mtupu.

Mwezi wa kwanza nilipika bila kupepea.
Mkono wa kulia ukawa haujui uende wapi,
miaka ishirini umeshika kipepeo cha ukili.

Mwezi wa pili gesi ikakata, maharage hayajalainika.
Nikakopa nikajaza siku ile ile,
kwani ukichelewa, Faki kasema, unaanza upya.
Bimkubwa akaniletea habari ukutani:
wekundu nao sasa wanarejesha, elfu ishirini!
Nikamwambia mie si mtu wa kuhamahama.
Mie ndiye niliyebaki.

Mwezi wa tatu nikajaza Jumatatu.
Simu nikailaza juu ya kabati, uso juu.
Jumanne kimya. Jumatano, ujumbe wa bahati nasibu.
Alhamisi nikamfuata Faki dukani;
akabonyeza, akabonyeza, akakuna shingo.
"Pesa zimetoka, Bi Raya. Zimekwenda kwa mkuu wa kaya."

Mkuu wa kaya.
"Namba niliichukua kwenye karatasi ya mita," akasema,
akitazama viatu vyake.

Shaame alikwenda Tanga kwa wiki mbili;
huu mwaka wa nne.
Talaka yangu ilikuja kwa ujumbe,
herufi ndogo tupu, hata nukta hakutia.
Eda nikaikaa peke yangu, nikaimaliza peke yangu,
na mita ikaendelea kuitwa jina lake.

Usiku ule akapiga. Sauti laini, ya mtu aliyeoga.
"Raya, nimeona ulichonitumia.
Nikajua moyo wako bado uko pale pale.
Na mie, wallahi, n'na siku nyingi nafikiria kurejea."

Jiko lilikuwa linawaka, moto wa buluu, mdogo.
Nikaupunguza nisikie vizuri.

"Shaame," n'kamwambia, "eda imekwisha zamani.
Hizo ni za gesi. Zirudishe."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza
gesi ya kampuni gani.

Kesho yake zikaingia elfu kumi na mbili.
Tatu, kasema, ni za makato.
Viatu vya Mkasi vikapatikana, vimempita kidogo,
tumetia pamba mbele. Tungule hazikununuliwa.

Jumamosi Faki akaja na fomu mpya,
kalamu mkononi, keshakaa kitako.
"Tuanze tena. Mkuu wa kaya nani?"

Nikamnyang'anya kalamu.
Safari hii miwani nilikuwa nayo usoni.