Kabla ya Fagio

Nani kashinda, sikuwa najua.
Saa za mchezo nilikuwa bohari napima chokaa
au nimetumwa barafu Kariakoo.
Nilirudi Gerezani jua likizama, watu wameshaoga,
nikakuta udongo mwekundu umeandikwa,
nami, kabla ya kufagia, nikausoma.

Karani Mhando wa Reli: njia moja iliyonyooka
toka mstari wa nyuma hadi wavuni,
visigino havipo, vidole tu.
Akishaanzisha hakuuliza mpira umepokewaje,
aliufuata kama mdai mlangoni.
Pale wavuni vumbi limesagika:
amesimama, amekata, amerudi akitembea.

Fundi Mlingwa wa injini aliburuta kidole cha kushoto.
Sheria ya siku zile: anayeanzisha asinyanyuke,
mguu mmoja ubaki ardhini.
Sheria ikabadilika, wenzake wakaruka,
yeye mguu ukakataa.
Kila mpira, mchirizi ule ule,
herufi isiyomaliziwa.

Bi Shirinbanu, sketi hadi kwenye ugoko,
alianzisha kwa mkono wa chini. Walimcheka mara moja.
Habari zake nilizisoma upande wa pili wa wavu:
nyayo za watu waliorudi kinyumenyume,
shingo juu, wakiutafuta mpira kwenye jua,
mpaka kwenye uzio,
mmoja mpaka mtaroni.

Aliyenishinda kusoma ni De Mello wa Forodha.
Saa nzima ya mchezo, na upande wake
safi kama chumba cha mgeni.
Nyayo nne. Pengine tano.
Ikabidi siku moja nijifiche bohari nichungulie.
Raketi ya mbao, nyuzi za utumbo,
kaishika kama mwiko wa pilau,
mpira anauchanja kwa chini, taratibu,
unatua, unagoma kuruka,
na mwenzake anafika mbio
kuinamia kitu kilichokwisha kufa.

Sasa wamemwaga saruji, wamepaka rangi ya buluu.
Vijana wanapiga kwa mikono miwili,
wote wamesimama nyuma, pale pale,
wakiguna kama wapakiaji wa bandarini.
Siwabezi. Mpira wao ungeitoboa raketi ya De Mello
ukaendelea na safari.
Ila wakiondoka natazama chini:
kizibo cha chupa ya maji, basi.
Na fagio wamenipa la plastiki.

Jumamosi moja ya Machi, Mhando na De Mello
walikatishwa na mvua katikati ya seti.
Ilikuwa kubwa, ikapita upesi.
Nilipotoka nikaona nyayo zikikata kiwanja
kwenda barazani, zimejaa maji,
na ndani ya kila moja kipande cha wingu.
Nikapima kwa hatua zangu. Nikapima tena.
Zilikuwa za De Mello.
Ndefu!
Kumbe miaka yote ile alikuwa na mbio,
akazificha.

Upande ule sikuufagia mpaka Jumatatu.