Maji ya Saa Tisa

Huku Mabatini juu, maji hayaji mchana.
Mchana bomba ni pambo, kuku wanalidonoa.
Usiku, kama saa tisa, linakohoa mara mbili,
linatema upepo, kisha kutu,
kisha, ukinyamaza, unasikia tone kwenye ndoo tupu
kama mgeni anayebisha hodi
asiyetaka kuamsha majirani.

Miaka kumi na moja naamka kwa mlio huo.
Miaka hiyo hiyo Lugembe wangu ana selimundu.
Jina hilo nililisikia kwenye benchi la Bugando,
daktari akachora mwezi mwembamba kwa kalamu ya bluu:
"Chembe za damu yake, mama, zimejipinda hivi."
Nikaikunja ile karatasi, nikaifunga pindoni mwa khanga
pamoja na nauli ya kurudia.

Nimeuza dagaa Kirumba hadi mikono ikanuka ndotoni.
Cherehani ilikwenda. Kitenge cha harusi kikaenda.
Baba yake naye akaenda, Geita, akasema dhahabu;
simu yake siku hizi inapokelewa na yule dada wa mtandao,
mpole sana, hachoki kuniambia
nijaribu tena baadaye.

Na Mungu pia nilimjaribu tena baadaye.
Sitadanganya. Kuna usiku nilimwambia maneno
ambayo mchungaji wetu hayajui.
Nilisema: Wewe uliyepanga mawe haya,
la chini dogo, la juu kama nyumba,
na hayaanguki mvua na jua,
mtoto mmoja amekushinda kumshika?
Kimya. Ziwa lilikuwa jeusi kule chini,
taa za wavua dagaa zimejipanga kama mji
ambao asubuhi ukiutafuta huuoni.

Mwaka jana, wiki ya Pasaka, mifupa ilimwaka moto.
Unakijua kilio cha mtoto aliyeamua kutolia?
Damu ya kundi lake imekwisha, wakasema, tusubiri.
Tukasubiri. Jumanne ikapita na uji wake.
Yangu haikulandana, ya mjomba Mhoja haikulandana.
Alfajiri nesi Nyanzobe akaja na mfuko,
wa baridi bado, umeandikwa namba tu.
"Ni ya nani?" nikauliza.
"Hata sisi hatumjui. Alikaa kwenye kiti,
akanyoosha mkono, akanywa soda, akaenda zake."

Nikautazama ule mrija.
Tone. Halafu tone.
Haukuwa na mlio wowote,
lakini mwili wangu uliamka wote
kama saa tisa.

Kule Capri Point, kwenye mitambo, kuna mtu
anayefungua koki wakati mimi nimelala.
Hajui habari za ndoo yangu ya kijani,
mdomo wake umepasuka, nimeuziba kwa plastiki ya moto.
Sijawahi kumwona. Sijawahi kumshukuru.
Usiku wa bomba kavu nimemtukana, na mama yake,
kisha nikaitega ndoo hivyo hivyo.

Kama ipo imani ndani yangu, ni hiyo.
Sina nyingine ya kukuonyesha.

Lugembe hajapona.
Usije ukasema nimeshuhudia kwamba amepona.
Anameza vidonge vyake, anakosa shule, anarudi shule,
amewapa majina mawe yote yanayoonekana dirishani,
kubwa kuliko yote analiita Bibi.
Juzi aliamka kabla yangu. Giza. Bomba halina hata kikohozi.
Nilimkuta amechuchumaa, sikio kwenye chuma,
kidole juu, ananikataza kusema.

"Bado hayajafika, mama," akanong'ona.
"Lakini yameshaanza kupanda."