Nafasi ya Tatu

Põlva, Februari. Theluji imefika kwenye tandiko za baiskeli
ambazo wenyewe walizisahau tangu Oktoba.
Chumba cha seva kinanguruma kwa sauti yake moja,
na Heldur Tamjärv, aliyebakiwa na siku hii tu kazini,
anampa Liivika kiti chake.

"Kaa. Kinainamia kushoto, utazoea.
Sasa sikiliza. Neno la siri silo ufunguo.
Wote hukosea hapo, hata mkurugenzi.
Ufunguo wenyewe hakuna aliyewahi kuuona.
Umelala kichwani mwa diski, kwenye nafasi nane,
na kila nafasi ina nakala iliyofungwa kwa neno la mtu mmoja.
Neno lako hufungua kijisanduku.
Kijisanduku ndicho hufungua ghala."

Liivika anaandika. Kalamu imegoma kwa baridi,
anaisugua viganjani.

"Nafasi sifuri ni ya mashine yenyewe, inapoamka.
Ya kwanza ni bahasha, imo kwenye kasha la chuma la wilaya.
Ya pili ilikuwa ya Ülo. Alihamia Turku,
nikamfuta siku ileile, keki ya kumuaga ikiwa bado mezani.
Ya tatu, mimi."

Anavuta droo. Chini ya mkate mweusi uliokauka
ipo diski moja, imeviringishwa kitambaa cha miwani.

"Hii ni ya Salme Ojaste, mwalimu wa kwaya.
Miaka thelathini alizunguka mashambani na kinasasauti
akiwanasa vikongwe wakiwaimbia ng'ombe.
Mimi ndiye niliyemshauri: isimbe, mama, wezi ni wengi.
Na mimi ndiye niliyeweka mfumo mpya usiku mmoja, kwa haraka,
nikaandika juu ya kichwa cha diski.
Megabaiti mbili. Picha ya paka inazidi hapo.

Alikuja na neno lake. Alilijua barabara,
jina la kijito na mwaka wa mafuriko.
Akaliandika mara moja, akaliandika mara kumi,
kisha akanitazama kama mtu anayebisha hodi
kwenye ukuta usio na mlango.
Neno lilikuwa sahihi, Liivika.
Kufuli ndilo halikuwapo."

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Lakini mtungi huu umezibika mdomo:
maji yamo yote, hata tone halikumwagika,
na kata imesimama nje, na kiu yake.

"Kwa hiyo, nakala ya kichwa kila Ijumaa.
Nakala mbili, majengo mawili. Sitarudia."
(Amerudia tangu saa tatu asubuhi.)

Zamu ya Liivika kujiwekea nafasi ya nne.
Heldur anageukia ukuta, anatazama kalenda ya chama cha misitu,
na bila kutaka masikio yanahesabu mibonyezo: kumi na minne.
"Ongeza," anaiambia kalenda.
Mibonyezo inaendelea.

Kisha anaomba kiti, dakika moja tu.
Futa nafasi ya tatu.
Mfumo unauliza kama ana hakika;
aandike NDIYO, kwa herufi kubwa.
"Nifanye mimi?"
"Hapana. Nguo mtu hujivua mwenyewe."
N. D. I.
Kidole kinapumzika hewani.
Y. O.

Hakuna mlio. Mstari mpya, kiteuzi kinapepesa.
Anajaribu neno lake. Linakataliwa.
"Vizuri," anasema, "vizuri sana,"
kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu na mkwewe.

Diski ya Salme ameondoka nayo.
Haimo kwenye orodha ya makabidhiano.

Kituoni, basi la Räpina limechelewa.
Mkono mmoja umeshika mfuko wa viazi,
wa pili, ndani ya koti, unapiga pajani
herufi ishirini na mbili, kwa mpangilio wake, bila kosa,
na kidole cha mwisho kinabonyeza,
kinangoja.