Neno la Tisa

Wamenitoboa fuvu matundu kumi na moja,
kila tundu na waya wake, mwembamba kama utambi,
na nyaya zote zimeshuka begani kama msuko
hadi kwenye sanduku linalokoroma chini ya kitanda.
Nje, Brno imelala chini ya theluji.
Tramu ya kwanza haijapita. Nitaijua ikipita:
niliziendesha miaka kumi na tisa,
mpaka kifafa kikanishusha katikati ya njia
na kunipokonya ufunguo.

Daktari Hanák ameniwekea kioo kidogo mbele.
"Bibi Vymazalová, yatazame tu maneno. Usiyang'ang'anie."
Jina letu, kwa Kicheki, ni la mtu aliyefuta kitu.
Wauguzi hulicheka wakidhani nimelala.

Ngazi. Giza.
Limau. Giza.
Kofia. Filimbi.
Yanapita kama abiria wasiokata tiketi,
siwaangalii usoni.
La tisa: hodhi.

Nami simo tena wodini.
Ni Desemba, kwa shangazi Květa, ghorofa ya tatu,
samaki mnene wa bwawa anazunguka ndani ya hodhi la kuogea
akingoja kisu cha mkesha wa Krismasi.
Mdogo wangu Bořek, miaka sita,
amevua soksi amtumbukizie, asije akapata baridi.
Kisha hodhi tupu.
Kisha Bořek chini ya meza, kimya,
soksi inachuruzika mkononi,
na jikoni mafuta yanachemka.

"Sasa hesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu."
Tisini na saba. Tisini na nne. Tisini na moja.
Wanataka nisahau kwa heshima.

"Sema yote unayokumbuka."
Hodhi.
Limau, maana shangazi alilikamua juu ya samaki.
Ngazi.
Basi. Mengine yameshuka njiani.

Hanák akanionyesha mawimbi, kidole chake kina wino.
Huu mtandao hutazama nje: ndio ulioshika neno.
Huu hutazama ndani, hukaa na ya zamani;
mara nyingi mmoja akiamka mwenzake husinzia.
Hapa chini, farasi-bahari, anafunga vipande kuwa siku moja.
Na hapa, ndani ya mkunjo, sehemu waliyoiita kisiwa:
twadhani ndiyo inayoamua nani apite.

Nikacheka hadi nyaya zikatikisika.
Kumbe ni ulimi wa reli!
Kile chuma cha njia panda
nilichokuwa nakikwangua barafu kwa fimbo saa kumi alfajiri,
huku abiria wananuna.
Ila mimi nilifunzwa tramu mbili zisikutane kamwe.
Humu, asema, zisipokutana hakuna hodhi,
hakuna shangazi.
"Twadhani," akaongeza. Hulipenda neno hilo.

Jumapili Bořek alikuja na machungwa.
Nikamsimulia soksi. Akaniangalia sana.
"Soksi zilikuwa zako, Radka.
Wewe ndiye uliyekaa chini ya meza.
Mimi nilikula. Niliomba na kichwa."

Tangu hapo nalirudia lile hodhi usiku,
na kila nikilirudia lina kitu kipya:
jana pazia lilikuwa kijani, leo halipo.
Naangalia miguu ya mtoto aliye chini ya meza.
Ina baridi. Hilo tu ndilo nina hakika nalo,
na huenda ni miguu yangu ya sasa,
imetoka nje ya blanketi.

Keshokutwa watakata kipande kisichozidi tende.
Nimemuuliza Hanák kama hodhi limo humo.
Akasema halikai mahali pamoja.
Kisha akainama kutafuta kalamu
ambayo sikuisikia ikianguka.

Saa kumi na moja kasorobo.
Inakuja, nasikia magurudumu yakikata kona,
halafu ule mlio mfupi,
chuma kikihamia upande wa pili.
Neno la tano lilikuwa nini?