Mguse Begani

Panga nalikumbuka.
Niulizeni hata usingizini:
mpini umezongwazongwa kwa mpira wa baiskeli,
mpira mwekundu, zile tyubu za zamani,
na karibu na ncha pana pengo
kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Ningelitambua kati ya mapanga mia.

Lakini Chang'ombe hawakupanga mapanga.
Walipanga watu.

Tisa, migongo ukutani, jua la saa nne usoni,
wengine mahabusu, wengine wapita njia
waliokatishwa safari kwa ahadi ya soda.
Afande Lugendo akasema, kwa upole kabisa,
"Pita taratibu, mama. Ukimwona, mguse begani."
Ukimwona. Hakusema: kama yumo.

Wa kwanza mrefu mno.
Wa pili alinitazama kama ninamdai.
Wa tatu, wa nne, wa tano, hata sijui.
Kwa wa sita moyo ukanilipuka:
huyu namjua.

Na kujua ni kujua. Nani husimama
akajiuliza alijulia wapi?

Mkono ukatangulia, mimi nikafuata.
Bega lilikuwa la moto kwa jua.
"Vizuri sana, mama,"
na lile vizuri likanishuka kama chai ya tangawizi;
nikarudi Tandika nimenenepa uhakika.

Majirani wakauliza, nikaeleza.
Kila nilipoeleza, uso ulizidi kukaa sawa:
juzi kivuli, jana nyusi,
leo kovu dogo chini ya jicho,
ilhali usiku ule umeme ulikatika
na tochi ya simu iliangukia sakafuni
ikawa inamulika miguu.

Hakimu: "Una uhakika?"
Kama ninavyojua naitwa Zamoyoni binti Pazi.
Mama yake alikaa benchi la nyuma,
amefunga khanga kiunoni kama mtu aendaye shamba.
Miaka thelathini.

Kisha Ramadhani, joto,
na pangaboi la dukani likaanza kulia,
kwi, kwi,
kama lilivyolia mwaka juzi lilipoharibika.
Nikanyanyua macho.
Nikaiona stuli, na kijana juu yake,
bisibisi mdomoni,
ananiomba nimshikie taa.
Niliishika mwenyewe. Mwanga ukampanda
kidevuni, nyusi,
kovu.

Alidai elfu tano, nikampa nne.
"Haina neno, mama. Utanipa siku nyingine."

Lugendo kahamishwa, wanasema Nachingwea.
Afande mpya kanipa karatasi na kalamu:
andika ulichokiona, mama, usiongeze.
Nimekaa hapa tangu adhuhuri.
Mpini, nimeandika.
Mpira mwekundu.
Pengo karibu na ncha.
Halafu mstari mtupu,
na noti ya elfu moja niliyokuja nayo,
nimeibana chini ya kiganja
isipeperuke.